TAHARIRI: KUKAZA NATI SI UBAVU, NI KIPIMO



Hakuna asiyekumbuka yaliyotupata msimu huu. Siku ya Jumatatu asubuhi, foleni ya madebe ikiwa imefika mpaka chini ya mwembe, mashine yetu ya kusaga ilipiga chafya mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Haikuunguruma tena mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku tisa nzima kijiji hiki hakikusaga hata kibaba kimoja. Akina mama walijitwika mahindi kwenda kijiji cha jirani, kwenda na kurudi nusu siku, na huko nako wakakuta foleni ya wenyeji. Wengine walirudia kinu na mchi. Na sanduku la chama chetu cha ushirika, ambalo hupata chochote kila siku kutokana na mashine hiyo, lilikaa bila kitu.

Tangu hapo maneno ni mengi. Kisimani na kilabuni kila mtu amekuwa fundi. Wako wanaosema fundi wetu hajui kazi. Wako wanaosema dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa. Na wako waliofika mbali zaidi, eti mashine imepigwa jicho. Gazeti hili la ukutani halikuanzishwa kwa ajili ya kupakana matope. Lilianzishwa ili wanachama wasome jambo lilivyo, kisha waende kwenye mkutano wakaamue kwa akili zao. Basi leo tunasema jambo lilivyo.

MASHINE ILIZIMA KWA NINI?

Juu ya silinda ya injini yetu kuna kifuniko kizito cha chuma. Mafundi wanakiita silinda hedi. Kinashikwa na nati nne tu. Kati ya kifuniko na silinda imelala gasketi, ambayo kazi yake ni kuzuia moto usitoke na maji ya kupozea yasiingie. Wiki tatu kabla ya mashine kuzima, kifuniko hicho kilifunguliwa ili valvu zisafishwe, kisha kikarudishwa. Nati zile nne zilikazwa kwa kukadiria.

Kamati ya mashine iliposimama kushuhudia injini ikifunguliwa, iliona mambo kwa macho yake. Nati mbili za upande mmoja zilikataa kutoka mpaka spana ilipochomekewa bomba refu. Mbili za upande wa pili zilitoka kwa spana fupi na mkono mmoja. Maana yake kifuniko kilikuwa kimelalia upande. Upande uliolegea moto ulipata upenyo, ukaila gasketi kidogo kidogo, na mwisho maji yakaingia kwenye silinda. Hapo hapana jicho la mtu wala mafuta ya taa. Hapo pana nati nne zisizolingana.

Kinachouma zaidi ni hiki: chama chetu kina spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Tuliinunua kwa fedha zetu wenyewe. Siku ile ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya sanduku lake, sanduku ndani ya stoo, ufunguo wa stoo kwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa msibani. Kitabu cha injini, chenye kipimo cha nati zile, kilikuwa kimefungiwa kwenye kabati la ofisi. Na fundi alikuwa amezungukwa na watu wanaompigia kelele: “Fundi, fanya upesi bwana, watoto wanalia njaa!” Akafanya upesi.

Je, kosa ni la fundi peke yake? Yeye alikosa kukubali kukaza bila kipimo, na mwenyewe amekiri mbele ya kamati. Lakini ofisi ilikosa kufungia kitabu, stoo ilikosa kumficha fundi chombo chake, na sisi wa kwenye foleni tulikosa kumkimbiza. Tukijikosoa, tujikosoe wote.

MIZANI YA PAMBA NA MIZANI YA NATI

Ndugu, sisi ni wakulima wa pamba. Hakuna mtu katika kijiji hiki atakayekubali karani aunyanyue mzigo wake kwa mkono, aupime begani, kisha aseme, “Huu unafika kilo 40.” Hapo patachimbika! Tunataka mizani, tena iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na tunasimama kuangalia kipimo kwa macho yetu. Lakini injini iliyonunuliwa kwa pamba hiyo hiyo tunakubali nati zake zipimwe kwa bega la mtu.

Spana ya toki ni mizani, basi. Haina uchawi wowote. Chukua spana yenye urefu wa mita 1, ilaze sawa, mwisho wa mpini ning'iniza jiwe la mizani la kilo 10. Nguvu inayoizungusha nati hapo ni kilo 10 kwa mita 1, na kwa kipimo cha siku hizi ni kama nyutonimita 98. Ukichukua spana ya nusu mita, itakubidi uning'inize kilo 20 ili upate nguvu ile ile. Sasa fikirieni mtu anayechomeka bomba ili spana iwe ndefu mara mbili, kisha anavuta kama alivyozoea. Ameongeza nguvu mara mbili na mkono wake haujamwambia kitu.

Tulijaribu wenyewe pale karakana. Vijana watatu, wote wazoefu wa spana, walipewa kila mmoja bolti ya aina moja na spana moja, wakaambiwa, “Kaza vizuri.” Kisha tukapima. Wawili walikuwa chini ya kipimo cha kitabu na mmoja alikuwa amekipita mbali. Na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo sawa!

Tena bolti si msumari. Bolti ni kama mpira wa manati. Ukiikaza inavutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili pamoja. Usipoivuta vya kutosha, mtikisiko wa injini unailegeza. Ukiivuta kupita kiasi, inakuwa kama mpira uliochoka: haivuti tena, au inakatika na kubaki kipande ndani ya shimo. Kwa hiyo yule anayesema “ikikaza sana ndiyo salama” anajidanganya. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

JINSI YA KUITUMIA

Haya tunayaandika kwa ajili ya fundi, wasaidizi wake, vijana wa trekta na kila mwanachama anayetaka kujua kazi inavyopaswa kufanywa.

Kwanza, kitabu. Usiguse spana kabla hujaona namba ya kazi hiyo katika kitabu cha injini hiyo. Tazama pia namba hiyo ni ya kipimo gani, maana viko kadhaa, vikiwemo nyutonimita, kilo-mita na paundi-futi. Kilo-mita 1 ni nyutonimita 9.8. Paundi-futi 1 ni nyutonimita 1.36. Kitabu cha zamani kikisema paundi-futi 100, nawe ukaweka nyutonimita 100, umekaza pungufu kwa zaidi ya robo. Ukikosea kinyume chake, umezidisha kwa zaidi ya theluthi.

Pili, usafi. Uzi wa bolti ukiwa na kutu au mchanga, nguvu yako inaliwa na msuguano. Hata bolti safi ni hivyo: sehemu kama 9 katika 10 za nguvu unayotia huishia kwenye msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa, na kama 1 tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa sababu hiyo oili hubadilisha mambo. Bolti yenye oili ikikazwa kwa namba ile ile ya bolti kavu huvutika zaidi. Kitabu kikisema paka oili, paka. Kikisema kavu, iwe kavu, na nati za magurudumu kwa kawaida huagizwa kavu. Shimo lisilotokea upande wa pili likaushwe kabisa, kwa maana maji au oili iliyonaswa chini haina pa kwenda, na inaweza kupasua chuma.

Tatu, weka namba kwenye spana, uifunge isihame. Usiitumie spana kubwa kwa kazi ndogo. Ikiwa mwisho wake ni nyutonimita 200, basi chini ya 40 usiiamini, kama vile usivyopima chumvi ya mboga kwenye mizani ya pamba.

Nne, zianze nati kwa vidole. Ikikataa vidole, uzi umepanda vibaya; itoe, usiilazimishe. Kisha kaza kwa awamu tatu: theluthi moja ya kipimo, theluthi mbili, halafu kipimo kamili. Kwa hedi yetu ya nati nne, nenda kwa mkingamo: moja, kisha ya pembe inayoitazama, kisha nyingine, kisha mwenzake. Hedi ndefu yenye bolti nyingi huanzia katikati kwenda nje, kwa mpango wa kitabu. Gurudumu nalo ni kwa mkingamo, siyo kuzunguka duara.

Tano, shika pale penye mpini, vuta polepole bila kushtua. Ikisema “ka!” acha hapo hapo. Vijana wanapenda kusikia mlio huo mara tatu, nne, wanafurahia kama ngoma. Kila unapovuta tena unaongeza. Mlio mmoja unatosha. Na kama umepita, legeza nati kwa spana ya kawaida, uanze upya.

Sita, usifungulie nati kwa spana ya toki. Tunarudia: usifungulie. Nati iliyoganda inataka nguvu kubwa kuliko kipimo, na nguvu hiyo huharibu springi iliyo ndani. Usichomeke bomba. Usiigeuze nyundo. Usiiangushe.

Saba, ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi ipumzike, lakini usipite chini ya hapo. Ifute, uirudishe kwenye sanduku.

Nane, rudia ukaguzi. Vitabu vingi vya injini za zamani huagiza nati za hedi zipimwe tena baada ya saa chache za kazi. Nati za gurudumu lililofungwa upya zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na injini nyingi mpya zina utaratibu mwingine: bolti hukazwa kwa namba ndogo, kisha huzungushwa kwa digrii, na aghalabu bolti hizo hazirudiwi mara ya pili. Ndiyo maana tunasema kitabu kwanza.

SPANA PEKE YAKE HAITOSHI

Tusije tukadhani kwamba tukiitoa spana stoo tumemaliza. Iko habari ya kweli inayotufundisha. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya abiria iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania. Kioo cha mbele ya rubani kilikuwa kimebadilishwa siku iliyotangulia, nacho kilishikwa na bolti 90. Ndege ilipokuwa juu sana, kioo kiking'oka, na rubani akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshikilia mpaka ndege ikatua Southampton, naye akapona. Uchunguzi ulikuta bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Na fundi yule alikuwa ametumia bisibisi ya kipimo! Ilikuwa inamwashiria kana kwamba kazi imekamilika, kumbe ni uzi wa bolti nyembamba uliokuwa ukiteleza ndani ya nati.

Sisi hatuna ndege, lakini somo ni letu pia. Kipimo kizuri kwenye bolti isiyo yake ni kazi bure. Bolti nyingi zina namba kichwani, 8.8 au 10.9, nayo hueleza nguvu ya chuma chake. Aliyetoa 10.9 asirudishe 8.8 kwa sababu tu imeingia. Kopo la bolti mchanganyiko pale karakana, ambalo kila mtu huokotea humo, ni hatari iliyokaa mezani.

Na spana yenyewe? Hapa tuna habari isiyopendeza. Kamati iliitoa kwenye sanduku na kuikuta imesokotwa mpaka namba ya juu kabisa. Vijana wa tela wamekubali kwamba msimu uliopita waliichukua kufungulia nati za gurudumu, tena kwa bomba. Tunawashukuru kwa kusema kweli. Lakini kwa leo hakuna anayeweza kuapa kwamba mizani hii inasema kweli. Spana nzuri ya aina yetu haitakiwi kupotoka zaidi ya 4 kwa 100. Utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 6789, uliotolewa upya mwaka 2017, unashauri ikaguliwe kila baada ya miezi 12, au ikishakaza mara 5,000 hivi, kama mwenye kuitengeneza hakusema vingine.

Kuna jaribio tunaloweza kulifanya hapa hapa. Ibane kwa kichwa chake kwenye jiliwa la mezani, mpini ulale sawa. Pima sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa, ning'iniza jiwe la kilo 20. Ikiwekwa kama 98 inapaswa kuwa karibu kabisa na kutoa mlio. Uzito wa spana yenyewe unaongeza kidogo, kwa hiyo hii si hukumu ya mwisho. Inatosha kutambua spana iliyopotea kabisa. Hukumu ya mwisho ni ya mkaguzi mwenye vifaa.

WANAOSEMA TUIUZE

Tunajua Jumamosi kwenye mkutano mkuu litatolewa wazo la kuiuza spana hiyo. Wenye wazo hilo wana hoja zao, na ni haki kuzijibu kwa heshima.

Wanasema wazee wetu walikaza kwa mkono na mashine zikadumu. Ni kweli wapo mafundi wazee wenye mkono wa ajabu, na heshima yao ipo. Lakini mkono huo ulijifunza miaka mingi kwa kuvunja bolti za watu, na mzee akiondoka anaondoka nao. Kipimo kinabaki. Kijana wa leo anaweza kukifuata leo hii.

Wanasema kukagua spana ni gharama. Ni kweli, hata nauli ya kuipeleka mjini ni fedha. Lakini tuliponunua gasketi mpya, tukalipa gari lililoileta, na tukakaa siku tisa bila senti ya mashine, tulilipa zaidi ya hapo. Na hatujahesabu jasho la akina mama walioenda kijiji cha jirani, kwa sababu hakuna daftari linaloandika jasho lao.

Wanasema pia kipimo kinachelewesha kazi. Fundi amepima: nati nne kwa awamu tatu zilimchukua muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Sisi tulichelewa siku tisa.

MAONI YETU

Gazeti hili linapendekeza kwa mkutano mambo matano.

Moja, spana ya toki isiuzwe. Ipelekwe ikakaguliwe kabla msimu wa pamba haujaanza, na tarehe ya ukaguzi iandikwe juu ya sanduku lake.

Mbili, itoke stoo ikae karakana, chini ya sahihi ya fundi. Atakayeiazima asaini. Atakayeifanya ya kufungulia nati, azuiwe kuigusa msimu mzima.

Tatu, kitabu cha injini kibaki ofisini kama kilivyo, lakini kurasa za vipimo zinakiliwe kwa herufi kubwa, zikaguliwe na watu wawili, zibandikwe ukutani karakana: mashine ya kusaga, trekta na tela.

Nne, kila injini inapofunguliwa iandikwe kwenye daftari: nati gani, kipimo gani, nani alikaza na nani alishuhudia.

Tano, na hili ni letu sote: fundi akiwa na spana mkononi, asikimbizwe. Mwenye haraka akae kivulini. Unga utasagwa.

Ndugu wanachama, tulianzisha chama hiki kwa sababu tulichoka kupimiwa kwa kukadiria. Tulidai mizani ya haki, tukaipata, na leo hakuna karani anayethubutu kucheza na kilo zetu. Haki ile ile tuipe mashine inayotusagia chakula. Njooni Jumamosi, wanawake kwa wanaume, hasa ninyi akina mama mliobeba mzigo wa siku tisa. Msikae nyuma. Semeni.

Ushirika ni nguvu, na nguvu ina kipimo chake.

Mhariri, kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani